Kuivika dhahabu protini: kihisi cha glukosi hatua kwa hatua

Katika kihisi hiki kimeng'enya cha glukosi oksidesi, ambacho ni protini, huioksidisha glukosi na kutoa haidrojeni peroksidi, nayo inapooksidishwa juu ya elektrodi hutoa mkondo wa umeme unaopimika. Chembe nano za dhahabu hukishika kimeng'enya bila kukiharibu na kuongeza eneo la elektrodi linalofanya kazi.

Hatua ya kwanza ni maji. Visima vingi vya Unguja vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, hivyo maji yake ni magumu, na karibu na pwani huwa na chumvi, ambayo huzigandanisha chembe za dhahabu. Suuza vyombo kwa maji yaliyokenekwa.

Hatua ya pili, chemsha mililita 50 za asidi ya kloroauriki (kampaundi ya dhahabu) ya asilimia 0.01, kisha mimina kwa mkupuo mililita 1 ya sodiamu sitrati ya asilimia 1. Rangi itapita kwenye buluu ya kijivu na kutulia katika wekundu wa sharubati ya rozela. Chembe zitakuwa za nanomita 16 hivi.

Hatua ya tatu ndiyo inayoamua kila kitu, na inasikitisha kwamba wengi huiruka. Rekebisha pH iwe 5 hivi, juu kidogo ya 4.2, pH ambayo chaji chanya na hasi za kimeng'enya hiki hulingana. Panga mirija yenye mililita 1 ya dhahabu, ongeza kimeng'enya kwa viwango vinavyopanda, subiri dakika chache, kisha tia kila mrija mikrolita 100 za chumvi ya mezani ya asilimia 10. Mrija unaogeuka buluu una dhahabu ambayo haijafunikwa vya kutosha. Chagua kiwango cha chini kabisa kinachobaki chekundu, ukiongeze kidogo tu, kwani protini inayozidi huizuia elektrodi kupitisha umeme.

Hatua ya nne, dondosha mikrolita 5 za mchanganyiko huo wa dhahabu na kimeng'enya kwenye elektrodi ya kaboni. Wakati wa masika hewa yetu haikaushi, kwa hiyo ikaushe ndani ya chombo chenye silika jeli inayofyonza unyevu, kwa nyuzi joto 4.

Mwisho, pima mkondo katika bafa ya fosfati (myeyusho unaoshikilia pH isibadilike) ya pH 7 kwa volti 0.6 hadi 0.7 dhidi ya elektrodi ya fedha na kloridi ya fedha. Vitamini C iliyomo katika sampuli nayo huoksidika hapo na kupotosha kipimo, hivyo tandaza juu utando mwembamba wa Nafion, aina ya plastiki ambayo chaji yake hasi huisukuma mbali. Myeyusho wa glukosi wa kusawazishia utengenezwe jana yake, kwa sababu kimeng'enya hushughulikia umbo la beta pekee, moja ya maumbo mawili ya glukosi (alfa na beta) yanayogeukana ndani ya maji, nalo huchukua saa kadhaa kufikia uwiano wake.