Kabla Hujachomeka Bodi ya Pili

Bodi moja ya Arduino, yaani kompyuta ndogo inayopima na kutuma vipimo, ikisomeka vizuri kwenye kompyuta kupitia USB, watu hudhani nne zitasomeka kwa kunakili kodi mara nne. Hazisomeki hivyo.

Kebo kwanza: ziko za USB za kuchajia tu, hazina nyaya za data. Kasi ya kutuma data (baud) iwe ileile pande zote mbili, kwenye bodi na kwenye kompyuta. Ukiona herufi za ajabu, anzia hapo. Kwa 9600 zinapita baiti kama 960 kwa sekunde, basi tumia 115200. Ukiunganisha kwa nyaya tupu, TX (pini ya kutuma) iende kwenye RX (ya kupokea), GND (pini za ardhi) ziungane, na volti 5 za Arduino Uno zisiguse pini ya ESP32, bodi nyingine inayotaka 3.3. Funga dirisha la kusomea la Arduino IDE (programu ya kuandikia kodi ya bodi) kabla ya kuendesha programu yako, maana poti moja, mlango ambao kompyuta husomea bodi, haihudumii wawili.

Sasa majina ya poti, na hapa usiparuke. Mwenzangu mmoja alikuwa na bodi mbili zinazopima kina cha maji kwenye matangi mawili, na programu inayowasha pampu tangi likipungua. Akaandika kwenye kodi kwamba /dev/ttyUSB0 (jina la poti kwenye Linux) ni tangi la juu na /dev/ttyUSB1 ni la chini, akasahau. Mambo yakaenda mpaka umeme ulipokatika. Kompyuta ilipowaka, bodi ya tangi la chini ikatambuliwa kwanza, ikapewa namba 0. Hakuna kosa lililojitokeza: namba zinaingia, grafu zinachorwa, vipimo vinafanana. Pampu ikazidi kujaza tangi lililokwisha kujaa, kwa kuwa lenzake ndilo lililokuwa likijibu kwa niaba yake. Aligundua maji yalipofika sakafuni. Lakini kilichomuuma zaidi ni data ya nyuma: iliandikwa kwa jina la poti tu, na kompyuta ilikuwa imewahi kuzimika kabla ya hapo. Mistari ipi ni ya tangi lipi? Akaifuta yote.

Mtu atakwambia utumie /dev/serial/by-id, majina yanayotokana na namba ya bodi yenyewe. Ni sawa, ila bodi nyingi za bei nafuu zenye chipu ya USB ya CH340 hazina namba yake kila moja, hivyo mbili hugombania jina moja. Ile by-path, inayofuata tundu la USB bodi ilipochomekwa, hufaa, mradi hakuna atakayehamisha kebo, na kebo zitahamishwa tu. Dawa ni bodi ijitaje yenyewe kwenye kila mstari inaotuma: T1,143, yaani jina kisha kipimo. Hifadhi jina hilo kwenye EEPROM, kumbukumbu ya bodi isiyofutika umeme ukikatika, ili kodi ibaki moja kwa bodi zote. Programu ifuate jina, na mstari usio na jina inalolijua iutupe.

Kufungua poti huiwasha upya Uno, kwa hiyo subiri sekunde mbili na uache mstari wa kwanza, mara nyingi huwa kipande. Weka kikomo cha kusubiri. Bila hicho, bodi moja ikinyamaza inazigandisha zote. Saa iandikwe na kompyuta, kwani millis(), saa ya ndani ya bodi, huanza sifuri kila bodi inapowaka, na hata isipozimwa hurudi sifuri baada ya siku kama 50.

Poti ya USB 2.0 hutoa miliampea 500, hivyo bodi zikiwa nyingi tafuta habu yenye adapta yake. Kebo zisipite karibu na mota. Bandika lebo. Usiamini grafu iliyonyooka mno, huenda ni thamani ya zamani inayorudiwa. Na kabla ya kuondoka, chomoa bodi moja makusudi programu ikiwa kazini, uone kama italalamika.