Kiongezi cha sileji ya mahindi

Mahindi ya sileji (malisho ya mifugo yanayochachushwa shimoni bila hewa), yanayokatwa mazima pamoja na mabua yake, punje zikiwa zimeanza kukauka lakini bado ukucha unazama, huwa na sukari ya kutosha kuchachuka yenyewe. Kwa hiyo molasi, ambayo husaidia sana sileji ya majani ya tembo, hapa mara nyingi ni gharama ya bure. Tatizo huja shimo linapofunguliwa, kwani hewa huamsha hamira na ukungu, na sileji ikaanza kupata joto. Kinachofaa ni bakteria wa Lactobacillus buchneri, wanaotengeneza asidi ya siki inayodhibiti hamira hizo. Wachanganye na maji yasiyo na klorini (ya bomba huweza kuwaua), nyunyiza sawasawa wakati wa kukatakata, shindilia, kisha usifungue shimo kabla ya wiki 8, maana hufanya kazi polepole.