Mi-24 iliyotua: jinsi ya kuipa modeli uzito wake

Mi-24, helikopta ya kivita ya Kisovieti, ikiwa tupu ina uzito wa tani 8 na nusu. Modeli yake ya skeli ya 1/72, yaani iliyopunguzwa vipimo mara 72, ni nyepesi kuliko kikombe cha chai. Pengo hilo ndilo linalonishughulisha kila nikifungua boksi, kwa sababu modeli nyingi za helikopta zimeungwa kwa ustadi na kupakwa rangi safi, lakini ukizitazama utadhani zimening'inizwa kwa uzi. Hazijakaa chini. Nimejenga Mi-24 nne, zote za aina ya V, ile yenye bunduki ya mitutu minne chini ya pua, na hapa naeleza namna ninavyoifanya ikae.

Kabla ya gundi, tafuta picha. Achana na zile za helikopta ikiwa angani, maana huko magurudumu yamekunjwa na mapanga ya rota, yale marefu yanayozunguka juu yake, yameinuliwa na mzunguko. Unataka iliyoegeshwa, ikiwa imepigwa kutoka mbele kabisa, kamera ikiwa chini karibu na ardhi. Chagua helikopta moja uishikilie hiyo mpaka mwisho. Ukichanganya picha za helikopta tano, utapata ya sita ambayo haijawahi kuwepo.

Katika picha hiyo ya mbele utaona jambo ambalo mimi sikuliona nilipojenga ya kwanza: bodi imelalia kushoto. Si tairi lililopungua upepo. Wasanifu waliuinamisha mhimili wa rota nyuzi 2.5 kuelekea kulia kwa bodi, ili helikopta ikielea isiburutwe pembeni na msukumo wa rota ya mkia. Kisha wakayapanga magurudumu hivi kwamba ikitua, rota ndiyo inalala sambamba na ardhi na bodi ndiyo inainama. Modeli yangu ya kwanza niliisimamisha wima kwa pembemraba, kile kifaa cha kupimia wima, jioni nzima, nikidhani nairekebisha plastiki. Nilipokuja kuelewa, gundi ilikuwa imekauka miezi mingi. Ile modeli bado ninayo, na bado inaniuma kuiona imesimama hivyo.

Basi fanya hesabu mapema. Magurudumu makuu yametengana takriban mita 3, yaani milimita 42 kwenye skeli yetu. Nyuzi 2.5 kwa upana huo ni pungufu kidogo ya milimita 2. Bandika bodi na miguu kwa tepu kwanza upime, kwa sababu huenda mtengenezaji ameshauweka mwinamo huo. Kama hakuuweka, mimi hukata milimita 1 kwenye mguu wa kushoto na kuongeza kipande cha plastiki cha karibu milimita 1 juu ya mguu wa kulia, pale unapoingia kwenye bodi. Kushoto ni kwa rubani aliyeketi, si kwako unayemtazama usoni. Mguu wa pua una magurudumu mawili, nao uzungushe kidogo kabla gundi haijashika ili yote mawili yaguse chini. Kazi yote hii ifanyie juu ya kioo bapa; meza za mbao hudanganya.

Matairi pia yabebe mzigo. Sugua sehemu ya chini kwenye msasa mpaka upate ubapa mdogo, kisha gusisha ubapa huo kwenye kisu kilichopashwa moto, kwa sekunde moja tu, ili mpira utanuke pembeni kidogo. Ukizidisha, helikopta itaonekana imepata pancha.

Sasa uzito wa kweli. Mi-24 ina magurudumu ya mbele, na plastiki yake nyingi iko nyuma, hivyo bila risasi puani (yale madini mazito, si risasi za bunduki) modeli itakalia mkia. Funga nusu mbili za bodi kwa tepu, ziegemeze juu ya penseli iliyolazwa pale magurudumu makuu yatakapokuwa, kisha ongeza chubwi za kuvulia samaki puani moja moja mpaka pua ishuke. Halafu ongeza nyingine mbili, kwa sababu mapanga na rota ya mkia bado hujaviweka. Zifiche chini ya sakafu ya chumba cha mbele na nyuma ya ukuta wa chumba cha rubani. Zishikize kwa gundi ya epoksi. Gundi nyeupe ya mbao usiitumie hapa: baada ya muda risasi humenyuka nayo, hufura, na inaweza kuipasua bodi kutoka ndani. Nawa mikono ukimaliza kushika risasi.

Vyumba vyenyewe havinichukui muda mrefu. Mshika silaha anakaa mbele, rubani nyuma yake na juu zaidi, na ndani kote ni ile rangi ya Kisovieti ya kijani-samawati. Ipake nyepesi kuliko unavyoiona kwenye picha, kwa sababu vioo vikishafunga mwanga hupungua. Mikanda ya viti nakata kutoka karatasi ya fedha, upana wa nusu milimita hivi. Paneli za saa napaka nyeusi, kisha napitisha brashi karibu kavu yenye kijivu juu ya vitufe. Inatosha.

Vioo ndivyo vinavyotaka subira. Supagluu ikiwa karibu na plastiki angavu hutoa mvuke unaoacha ukungu mweupe, na ukungu huo ukiwa ndani hauna dawa. Tumia gundi nyeupe, ambayo hapa ndipo mahali pake: hukauka ikiwa angavu, na ikizidi unaifuta kwa pamba yenye maji. Kabla ya kugandisha, chovya vioo kwenye vanishi angavu ya akriliki, simamisha kila kimoja juu ya karatasi inyonye ziada, kifunike kwa bakuli vumbi lisitue, na ukiache mpaka kesho. Ukiziba madirisha kwa tepu, anza kupuliza fremu kwa ile rangi ya ndani, ndipo upulize ya nje. Mtu akichungulia, fremu itakuwa na rangi sahihi pande zote mbili.

Mabawa mafupi yanainama chini nyuzi 12. Kata kadi yenye pembe hiyo, itumie pande zote mbili kama kipimo, na usiyaamini matundu ya plastiki.

Rangi nitaipitia haraka kwa kuwa ni ileile ya modeli yoyote: praima ya kijivu, samawati hafifu tumboni, mchanga na kijani juu, tabaka nyembamba zenye uzito wa maziwa. Vanishi ya kung'aa kabla ya stika za maji, kisha tope la rangi ya mafuta ya wachoraji iliyochanganywa na spiriti nyeupe, likimbie kwenye mistari ya paneli. Jiulize tu kila doa limetoka wapi na limeanguka kuelekea wapi. Mafuta huvuja kwenye shingo ya rota na kuteremka ubavuni. Masizi huanzia kwenye ekzosi za injini mbili na kurudi nyuma kuelekea mkia. Mimi hutumia unga wa chaki nyeusi na kahawia kwa brashi laini. Vumbi hukaa chini, kwenye magurudumu na tumbo. Doa lisilo na chanzo lifute.

Tumefika kwenye rota, na hapa usiharakishe. Mapanga ni 5, yametengana nyuzi 72, na kipenyo chote ni mita 17.3, yaani sentimita 24 mbele yako. Panga la kweli likiwa limesimama hujipinda kwa uzito wake, na nguvu ya mzunguko ndiyo hulinyoosha. Plastiki ya boksi mara nyingi imenyooka kama rula. Chukua ubao, bandika shina la panga kwa tepu, weka penseli chini ya shina hilo ili ncha ibaki hewani, kisha bandika na ncha mpaka panga zima lifanye upinde mpole. Litumbukize na ubao wake kwenye maji ya moto, lakini si yanayochemka, kwa dakika moja, halafu moja kwa moja kwenye maji baridi. Kwa jicho langu, ncha ikishuka milimita 6 au 7 chini ya shina, picha na modeli zinalingana. Mapanga yote 5 yapitie kwenye ubao uleule na penseli ileile, la sivyo moja litajitenga na jicho litaliona kabla ya yote.

Angalia pia uelekeo. Rota ya Mi-24 ikitazamwa kutoka juu huzunguka kufuata mshale wa saa, kinyume na ya UH-1 ya Marekani. Ukingo mnene wa duara ndio unaotangulia, ule mwembamba unafuata. Nimeziona modeli zilizopakwa rangi kwa ufundi mkubwa na mapanga yote yamegeuzwa, na hakuna namna ya kuyarekebisha bila kuvunja kitovu, kile kipande cha kati kinachoyashika.

Kabla ya kuweka kitovu, chomeka sindano ndefu mahali pa mhimili wa rota, simamisha modeli juu ya kioo, na uweke pembemraba kando yake ukiitazama kutoka mbele. Sindano iwe wima huku bodi ikilalia kushoto. Kama inafuata bodi, chonga tundu kwa tupa nyembamba mpaka ikae sawa. Kitovu chenyewe usikigandishe kwa gundi. Kiache kiingie kwa kubana tu, ili ukihamisha modeli uyanyanyue mapanga yote kwa pamoja na kuyafunga kwenye boksi lake.