Kuanzisha kampeni ya barua pepe kwa ridhaa: mteja mwenye nyumba ya wageni Bagamoyo

Mara nyingi kazi hii huanza mteja anapokukabidhi faili la Excel lenye anwani 1,400 na kutaka ofa itoke kabla ya wikendi. Usilipandishe faili hilo popote. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla ya barua ya kwanza: kujua nani aliomba kuandikiwa, na kuweza kuonyesha aliomba lini.

Tuchukue mteja mwenye nyumba ya wageni Bagamoyo, vyumba kumi na ukumbi mdogo wa semina. Wageni wake ni watalii na watu wa mashirika kutoka Dar es Salaam. Barua pepe inamfaa kwa sababu watu hao huishi ndani ya barua pepe siku nzima kazini. Mwenye duka la rejareja angefaidika zaidi na WhatsApp, na ni haki yake kuambiwa hivyo kabla hujamtoza hela.

Hatua ya 1: Chambua orodha ya zamani

Ongeza safu moja kwenye Excel, uiite "ilipatikanaje", kisha ujaze kila mstari. Anwani zilizotoka kwenye kitabu cha wageni zilitolewa kwa ajili ya usajili wa kulala. Mgeni hakusema atumiwe matangazo. Zinazoishia na @guest.booking.com ziondoe zote: ni anwani za kupitishia ujumbe kati ya mgeni na hoteli, wala si barua pepe zake halisi. Za idara, kama info@ au sales@, ziondoe pia, maana husomwa na watu kadhaa na hakuna aliyeridhia. Orodha iliyonunuliwa ifute bila majadiliano, kwani huwa na anwani za mtego zinazowekwa makusudi kuwanasa watumaji holela.

Wanaobaki ni walioandika wenyewe, kwa mfano "nijulisheni bei za msimu ujao". Hifadhi barua hiyo kama ushahidi. Wakibaki 40, anza na hao 40.

Kwa Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Mteja ndiye mkusanyaji, wewe unayetuma kwa niaba yake ni mchakataji, na usajili katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi unawahusu wote wawili. Weka jambo hili kwenye mkataba wenu. Kwa mteja wa Kenya, soma Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 37, kinachohusu kutumia taarifa za watu kibiashara.

Hatua ya 2: Tengeneza fomu ya kuomba ridhaa

Fomu iulize jina la kwanza na barua pepe, basi. Chini yake weka kisanduku kisichotiwa tiki tayari, chenye maneno yanayosema utatuma nini na mara ngapi:

"Ndiyo, nitumieni barua pepe mara moja kwa mwezi kuhusu bei za vyumba, ukumbi wa semina na matukio ya Bagamoyo. Naweza kujiondoa wakati wowote."

Washa uthibitisho wa hatua mbili: mtu akijaza fomu, programu unayotumia kutuma kampeni humtumia barua yenye kiungo, na haingii kwenye orodha mpaka akibonyeze. Utapoteza wachache, lakini utaepuka anwani zilizokosewa herufi na watu walioandikishwa na wenzao. Hakikisha programu inahifadhi tarehe, saa na chanzo cha kila ridhaa, na wewe weka nakala ya picha ya fomu kila unapobadilisha maneno yake.

Kadi yenye QR ya kufungua fomu hiyo iwekwe mapokezi na vyumbani. Acha karatasi za kuandika kwa mkono, maana mwandiko husomwa vibaya. Na usimlazimishe mgeni atoe barua pepe ndipo apewe neno la siri la Wi-Fi: atakupa ya uongo, na hata akitoa ya kweli, hiyo haikuwa ridhaa ya hiari.

Hatua ya 3: Thibitisha domeini

Hapa ndipo kampeni nyingi hufia bila mtu kujua. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti kwa watumaji. Usitume kwa anwani ya @gmail.com kupitia programu ya watu wengine. Tumia domeini ya mteja mwenyewe, yaani jina la tovuti yake linalokuja baada ya @.

Ingia sehemu ya DNS (mipangilio ya domeini kwenye paneli ya hostingi), uweke rekodi tatu:

- SPF, orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeini. Inaanza na v=spf1, na lazima iwe moja tu. Kama ipo tayari kwa barua za ofisi, ongeza include (sehemu inayoziruhusu seva za programu mpya) ndani yake. Zikiwa mbili, zote hukataliwa. Pia SPF isizidi utafutaji 10 wa DNS.
- DKIM, saini ya kidijitali ya barua zako. Nakili kama ulivyopewa na programu. Kosa la kawaida: paneli ya hostingi huongeza jina la domeini yenyewe mwishoni, nawe umelibandika, likawa mara mbili.
- DMARC, inayowaambia wapokeaji wafanye nini na barua zisizopita ukaguzi. Jina ni _dmarc; anza na p=none (wasizuie chochote) na anwani ya kupokelea ripoti. Ripoti zikiwa safi kwa wiki kadhaa, panda hadi quarantine (ziende spam).

Kisha jitumie barua kwenye Gmail, bonyeza nukta tatu, fungua chanzo cha ujumbe. Unatafuta PASS tatu, moja kwa kila rekodi. Ikikosekana hata moja, usiendelee.

Hatua ya 4: Andika na utume

Jambo moja, kitufe kimoja. Kichwa kisizidi herufi 45 hivi, kwa kuwa simu hukata: "Vyumba vya wiki ya tamasha la TaSUBa" kinatosha (TaSUBa ni taasisi ya sanaa ya Bagamoyo). Usitume bango moja la picha. Picha zikizuiwa, mpokeaji haoni chochote. Andika maandishi ya kweli, upana wa pikseli 600. Gmail hukata barua inayozidi kilobaiti 102, na kinachofichika ni kile cha chini kabisa: kiungo cha kujiondoa.

Chini weka jina la biashara, anwani yake, sababu ya mtu kupokea barua hiyo, na kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Majibu yaende kwa mtu wa mapokezi anayeyasoma kila siku.

Hatua ya 5: Soma matokeo

Idadi ya waliofungua usiitegemee. Programu huhesabu ufunguaji kwa picha ndogo isiyoonekana ndani ya barua, na tangu Septemba 2021 Apple Mail, kwa waliowasha ulinzi wake wa faragha, huipakua picha hiyo yenyewe hata kama mtu hakusoma. Hesabu mibofyo, majibu na nafasi zilizowekwa.

Google inataka malalamiko ya spam yawe chini ya 0.1% na yasifike 0.3%. Kwenye orodha ya watu 200, mtu mmoja akilalamika ni 0.5%. Orodha ndogo haina nafasi ya mgeni hata mmoja ambaye hakuomba.

Mteja akija na Excel mpya miezi sita baadaye, ilinganishe kwanza na orodha ya waliojiondoa, na ukihamia programu nyingine, ihamishe orodha hiyo kabla ya kitu kingine chochote. La sivyo utawaandikia tena watu waliokwisha kukuambia basi.