Jinsi ya kuchezesha "Mimi ni nani?" kwenye grupu la WhatsApp

Kamweneee! Grupu letu lina watu wa Iringa mjini, Mafinga, Makambako na Mbeya, pamoja na wachache waliohamia Dar es Salaam kikazi. Jumamosi saa mbili usiku, baridi ikishatufungia ndani, tunategeana watu maarufu. Mmoja anaficha jina na kutoa dokezo moja moja, wengine wanabashiri. Mimi ndiye admini, na ninachokiona kila mara ni kwamba mchezo hunoga au hufa kutokana na mpangilio wa madokezo. Tunafanya hivi.

Hatua ya 1: Chagua mtu

Awe mtu wa kwenye historia, michezo au sanaa, ambaye wengi grupuni wamewahi kumsikia. Mwalimu wenu wa zamani, jirani au mchungaji wa mtaani msimtege. Hakuombwa ruhusa, na wasiomjua watakaa tu wakisoma.

Hatua ya 2: Andika madokezo matano kabla ya kuanza

Kazi yote iko hapa. Usitunge ukiwa hewani, utajikanganya. Tumchukue Samora Machel wa Msumbiji:

1. Nilisomea uuguzi kabla ya kushika bunduki.
2. Chama changu kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1962.
3. Mwaka 1975 nilikuwa rais wa kwanza wa nchi yangu.
4. Nilifariki kwa ajali ya ndege, Oktoba 1986.
5. Uwanja wa mpira wa Iringa una jina langu.

Kwenye la kwanza lazima atokee wa kujibu Che Guevara. Mwache, ingawa Che alikuwa daktari. La pili litawapeleka wengi kwa Eduardo Mondlane, na si kosa, maana alikuwa kiongozi wa kwanza wa FRELIMO, chama hicho cha ukombozi wa Msumbiji. Ila Mondlane aliuawa kwa bomu mwaka 1969, kwa hiyo dokezo la tatu linamtoa. Ndivyo inavyotakiwa: la mwanzo linawafaa watu wengi, kila linalofuata linapunguza, la mwisho linabaki na mmoja tu. Ukimaliza kuandika, jaribu kumweka mtu mwingine kwenye madokezo yote matano. Akiingia, rudi ukarekebishe.

Angalia pia unamtegea nani. Dokezo la uwanja ni la bure kwa mtu wa Iringa, wakati wa Dar es Salaam anaweza asilijue kabisa. Wa Mbeya nao wana uwanja wa Sokoine, basi ukimtega Edward Sokoine, uwanja uweke mwisho.

Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, ndiye anayeharibiwa zaidi. Watu huanza na Kalenga, ngome yake, na mchezo unaishia hapo. Anza hivi: "Jina langu limo katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919." Mtashangaa watakavyokimbilia kwa Wajerumani na Waingereza! Ibara ya 246 ya mkataba ule iliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu lake kwa Waingereza, nalo likarudi Uhehe mwaka 1954. Vita vya Lugalo vya Agosti 1891 viweke dokezo la nne. Na kifo chake kisifanyiwe mzaha, kwa kuwa Wahehe waliomo grupuni wanamhesabu kuwa mzee wao.

Hatua ya 3: Tega

Mtegaji anaandika "Kitendawili!", waliopo wanajibu "Tega!" Hapo unajua nani yuko hewani. Dokezo moja kila baada ya dakika tano, na kila mtu jibu moja kwa kila dokezo.

Majibu yaende inboksi kwa mtegaji, siyo grupuni. Mvua ikinyesha mtandao unasuasua, na aliyeko Makete asipoteze kwa sababu ya mnara. Pointi zifuate dokezo: ukipata kwenye la kwanza ni tano, la mwisho ni moja. Aliyewahi kwa sekunde mbili hana cha ziada. Jibu lililohaririwa halihesabiki, na WhatsApp yenyewe huliwekea alama.

Kuhusu kupekua mtandaoni, kukataza peke yake hakusaidii. Mwambie aliyepata atume sauti fupi akieleza dokezo gani lilimfungua na kwa nini. Aliyenakili husikika mara moja.

Hatua ya 4: Wakishindwa, dai mji

Hii msiiache, ndiyo utamu wenyewe. Mtegaji anasema "Nipeni mji." Wakimpa Tukuyu, anajibu: "Nimefika Tukuyu, nimekula ndizi, nimekunywa chai, nimeaga wenyeji, nimerudi. Mtu wangu ni…" Wakimpa Njombe, atakula viazi na parachichi. Mwenye maneno atazunguka mji mzima huku wenzake wakimsihi ataje jina. Baada ya kulitaja, asimulie habari za mtu huyo kwa dakika moja.

Hatua ya 5: Pokezana

Mwenye pointi nyingi anatega Jumamosi inayofuata. Kwa wanaoanza, dokezo la kwanza la Siti binti Saad liwe safari ya Bombay ya mwaka 1928, alikokwenda kurekodi nyimbo. La Filbert Bayi liwe mji wa Christchurch, alikovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974. Kwa Mwalimu Nyerere, Butiama alikozaliwa ikae mwisho kabisa. Anzeni na "Nilitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare", muone wangapi watataja waandishi watupu.