BMW ya zamani Dodoma: anza na maji

Naishi Nzuguni, kazi yangu iko Mtumba, na gari linalonipeleka Mtumba ni mtumba. Majirani wameshamaliza utani wote juu ya hilo. Ni BMW 525i umbo la E34, la mwaka 1993, silinda sita, gia za mkono. Mdogo wangu wa Singida naye analitaka la aina hiyo, na haya ndiyo niliyomwambia.

Usiagize Japani. Gari lililozidi miaka 10 linatozwa ushuru wa uchakavu juu ya kodi nyingine, na E34 ziliacha kutengenezwa katikati ya miaka ya 1990. Piga hesabu mwenyewe. Tafuta lililoko nchini tayari, ambalo mtu analiendesha kila siku, si lililoegeshwa chini ya mwembe.

Uliza injini kabla ya bei. 525i za mwanzo, hadi 1990, zina injini ya M20 yenye mkanda wa taimingi. Mkanda ukikatika valvu zinagonga pistoni, na hapo unatafuta injini nyingine. Baada yake ikaja M50, valvu 24, inatumia cheni. Chukua ya cheni. Herufi na tarakimu saba za mwisho za namba ya chasisi zinaonyesha gari lilitoka kiwandani lini na likiwa na nini; ziandike, ndizo utakazompa muuza spea pia.

Nenda alfajiri, na umwombe mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Weka kiganja juu ya boneti. Kama lina moto, mimi huaga nikarudi siku nyingine. Kama ni baridi, fungua mfuniko wa rejeta, ingiza kidole, pangusa chini ya shingo. Changu kilitoka na unga mweupe mgumu, ule ule tunaoukwangua kwenye birika la chai hapa mjini. Maji yetu ni ya visima, yana chumvi, na kuna mtu alikuwa akijazia ya bomba miaka nenda rudi. Nililichukua hivyo hivyo, ila nilikata laki saba kwenye bei. Mfuniko wa oili nao ufungue: ukikuta ute kama uji wa ulezi uliotiwa maziwa, huenda gasketi ya hedi (kichwa cha injini) imekwenda. Shukuru, ondoka.

Sasa liwashwe. Mshale wa joto upande mpaka katikati, ukae hapo. Ukigoma kupanda, au ukipanda mjini na kushuka mkiwa barabara kuu, thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, imeng'olewa au imekwama ikiwa wazi.

Nalijua hilo kwa gharama. Mwezi wa pili tu langu lilichemsha karibu na Gairo, saa saba mchana, nikiwa na mama mzazi na tenga la kuku. Mpira wa juu wa rejeta ulichomoka na kipande cha shingo ya plastiki kikiwa bado kimebanwa ndani ya klipu. Plastiki ilikuwa imekauka kama biskuti. Fundi wa kwanza akafunga rejeta nyingine, na thamostati akaitupa. “Mama, Ulaya kuna baridi ndiyo maana wakaiweka. Huku kwetu haina kazi.” Ina kazi. Injini isiyofikia joto lake inaendelea kunywa petroli kama imewashwa sasa hivi, na mimi nililipia kila Ijumaa kituoni.

Kwa hiyo mwezi wa kwanza badilisha kwa mkupuo: rejeta, mipira yote, thamostati, pampu ya maji yenye mapanga ya chuma badala ya plastiki, na kiungo cha feni. Kwangu ilifika milioni 1.6 pamoja na ufundi. Pesa hiyo iwepo kabla hujanunua gari, si baada.

Kujaza nako kuna namna. Injini ikiwa baridi, fungua swichi bila kupiga stata, hita uweke kwenye joto la mwisho, legeza skrubu ya kutolea hewa iliyo karibu na mfuniko, kisha mimina taratibu mpaka yatoke maji matupu bila mapovu. Hewa ikibaki ndani, hedi inaweza kuungua huku mshale ukikudanganya. Kulanti, ile dawa ya kupoozea injini, changanya na maji safi yanayouzwa kwa ajili ya betri (si asidi, tafadhali).

Barabara ya Singida ukishapita Nala, fika 80 hadi 90 uone usukani. Ukitetemeka, watakuambia balansi ya magurudumu. Mara nyingi ni bushi za mikono inayoshika magurudumu ya mbele. Agiza za BMW 750 umbo la E32, zinaingia na ni mpira mtupu, hazina kimiminika cha kuvuja.

Karatasi: jina la kwenye kadi, faini za trafiki, na kama liliingia kwa msamaha wa kodi uhakikishe kodi ilishalipwa.

Halafu fungua buti. Chini ya mfuniko wake kuna trei ya spana inayoshuka. Langu lilikuwa na spana mbili tu na kijiko.

Mdogo wangu amepata moja Manyoni. Ijumaa tunalala huko, na nimeshampigia mwenye gari: asiliwashe mpaka tufike.