Shisima: ukikosea ubao, umekosea mchezo

Shisima ni mchezo wa watu wawili kutoka kwa Watiriki wa Vihiga, magharibi mwa Kenya. Jina lake linahusu maji, na msikilizaji wa Kiswahili atasikia "kisima" humo ndani. Kete huitwa imbalavali, wadudu wa majini. Lengo ni kunyoosha kete zako tatu kwenye mstari mmoja. Likizo hii nilimfundisha mpwa wangu hapa Kisumu, na alasiri nzima ilitupotea kwenye hatua ya pili.

Hatua ya 1: Kete. Vifuniko sita vya soda: vitatu vitazame juu, vitatu uvigeuze. Mawe siyapendi, yanabiringika ubao ukiguswa kidogo tu.

Hatua ya 2: Ubao. Kata karatasi ya manila iwe mraba. Ikunje katikati mara mbili, wima na mlalo, kisha kona kwa kona, pande zote mbili. Ukiikunjua utaona mistari minne ikikutana katikati, yaani kitovuni.

Hapa ndipo nilipokosea. Niliweka vituo, yaani mahali pa kuweka kete, pale mikunjo ilipofika ukingoni mwa karatasi. Lakini kona ziko mbali na kitovu kuliko katikati ya pande, kwa hiyo nilipata mraba, na kila upande ukawa na vituo vitatu vilivyonyooka. Mpwa wangu akapanga kete zake ubavuni akasema, "Mjomba, nimeshinda." Kwa ubao ule hakukosea hata kidogo! Nikajaribu duara kwa bikari, tukabishana kama tao ni mstari. Dawa ni rula: pima sentimita 10 kutoka kwenye kitovu juu ya kila mkunjo, weka nukta, kisha unganisha nukta nane kwa mistari iliyonyooka. Sasa kila ubavu una vituo viwili tu, na kete tatu haziwezi kunyooka bila kupitia katikati. Pitisha wino juu ya mikunjo pia, maana ndiyo njia za kete.

Hatua ya 3: Kupanga. Vipe vituo namba 1 hadi 8 kwa kuzunguka. Wewe weka kete zako 1, 2, 3. Mwenzako 5, 6, 7. Kitovu, 4 na 8 vibaki wazi.

Hatua ya 4: Kucheza. Kwa zamu, sogeza kete moja hadi kituo jirani kilicho wazi. Hakuna kuruka, hakuna kula. Anayenyoosha zake tatu kupitia kitovu ameshinda. Mkirudia miendo ileile mara tatu, ni sare.

Mtego wa kuanza nao: toa 2 uingie kitovuni. Akitoka 5 kwenda 4, wewe toka 1 uende 8. Sasa ana miendo miwili tu. Akirudisha 4 hadi 5, ingiza kete yako ya 3 pale 4 alipotoka: 8, kitovu, 4. Kinachomwokoa ni kutoa 6 kwenda 5, na mpwa wangu alikigundua kwenye raundi ya tatu.